Saijo, mtaa wa sake uliojengwa na maji: maneno yangu kwa wenzetu waliofika Higashihiroshima

Jamani habari za jioni, karibuni sana, poleni na safari, najua wengine usingizi bado haujakaa sawa na hiyo baridi ya nje hamkuitegemea. Nimeombwa niongee kidogo kuhusu ule mtaa wa sake, yaani pombe ya mchele ya Kijapani, tutakaoutembelea wikiendi hii pale Saijo, hapa hapa Higashihiroshima. Mimi nimesomea mambo ya maji, nimeishi huku muda sasa, na huu mtaa naupenda kwa dhati kabisa, kwa hiyo msishangae nikiongea kwa moyo.

Niseme hili mapema maana tumechanganyika humu ndani, kuna Waislamu, kuna walokole, kuna wanaokunywa na wasiokunywa kabisa. Hatuendi kulewa. Asiyeonja hata tone atafaidi sawasawa na anayeonja, na baadae nitawaambia nini cha kunywa na nini cha kukwepa. Ninachotaka mkaone ni jinsi watu wa mkoa huu wa Hiroshima walivyokuwa wakiambiwa maji yenu hayafai kwa sake, na wao badala ya kufungasha na kuhamia kwenye maji mazuri, wakakaa na yao hayo hayo, wakayasoma, wakabadili kazi yao ifuate maji, mpaka wakaja kuwapita wale waliokuwa na maji yanayosifiwa nchi nzima. Hilo ndo nalotaka mtoke nalo, mengine yote yanazunguka hapo hapo.

Basi, ukitoka Hiroshima mjini kwa treni ya kawaida ni kama dakika 40 hivi unafika stesheni ya Saijo. Unatokea mlango wa kusini, unakata kushoto, na kabla hujauliza njia unaanza kuziona dohani, zile za matofali mekundu ya kuchoma, ndefu, kila moja imeandikwa jina la kiwanda kwa herufi nyeupe kubwa kutoka juu kwenda chini. Viwanda viko saba na vyote unavifikia kwa miguu: Kamotsuru, Fukubijin, Hakubotan, Kirei, Saijotsuru, Kamoizumi na Sanyotsuru. Zamani chini ya dohani hizo kulikuwa na majiko ya makaa ya mawe ya kutoa mvuke wa kupikia mchele. Siku hizi nyingi hazitoi moshi tena ila hawajazibomoa, na mimi nashukuru sana hawajazibomoa maana bila zile dohani usingejua umefika wapi.

Kuta ni za chokaa nyeupe, na sehemu ya chini kumepachikwa vigae vyeusi vilivyounganishwa kwa mistari minene ya chokaa iliyokatizana mshazari. Inapendeza sana, kila mtu anaipiga picha, ila kazi yake ya kwanza ni kuzuia unyevu na moto visiingie kwenye ghala. Angalieni na mapaa pia. Mtaona vigae vyake vina wekundu wa kahawia unaong'aa, tofauti na vile vya kijivu mtakavyoona sehemu nyingi za Japani, na sababu yake ni hali ya hewa. Saijo iko kwenye bonde la juu, kama mita 200 kutoka usawa wa bahari, limezungukwa na milima, kwa hiyo wakati wa kipupwe baridi inatuama humo humo, kigae cha kawaida kikinywa maji yakaganda kinapasuka, hivi vyekundu vimepakwa rangi ya kung'aa ikachomwa kwa moto mkali ndo maana vinahimili. Baridi hiyo hiyo inayopasua vigae ndiyo inayotakiwa kwenye sake, nitafika huko.

Juu ya milango mtaona tufe kubwa la majani limening'inizwa. Ni majani ya mti wa sugi. Sake mpya ya mwaka ikitoka wanatundika tufe jipya la kijani kibichi, halafu linakauka taratibu mpaka linakuwa la kahawia, kwa hiyo mwenye kujua anatazama tu rangi anajua sake ya ndani imekaa muda gani. Ilianza kama heshima kwa miungu ya sake na bado wanaifanya kwa heshima hiyo, msilishike shike.

Huo mtaa kabla ya sake ulikuwa kituo cha wasafiri. Barabara kuu ya zamani ya kutoka Kyoto na Osaka kwenda magharibi ilipita pale, na enzi za mashoguni watawala wa majimbo wakiwa safarini na misafara yao walilala Saijo, enzi hizo pakiitwa Yokkaichi. Nyumba yao ya kufikia ilikuwa pale pale ambapo sasa ni eneo la Kamotsuru, na lango la mtindo huo mtalikuta. Hakubotan ndio wakongwe, wanahesabu tangu 1675. Lakini viwanda vingi mtakavyoviona ni vya baadae, vya kati ya miaka ya 1870 na miaka ya 1910, na kilicholeta hiyo kasi ni reli. Mwaka 1894 reli ya San'yo ilifika hapa na ghafla pipa la sake likawa linaweza kwenda mbali bila kubebwa mgongoni mwa farasi. Kusini huko Kure palikuwa na kambi kubwa ya jeshi la majini, Hiroshima mjini wanajeshi walikuwa wamejaa kwa ajili ya vita na China, na wanajeshi wanakunywa jamani, soko likawa limejileta lenyewe.

Sasa soko lipo, reli ipo, sake yenyewe je? Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri.

Enzi hizo sake iliyosifika Japani nzima ilikuwa ya Nada, huko Kobe. Nada walikuwa na maji yanayoitwa miyamizu, maji magumu, yaani yana madini mengi, kuna potasiamu, fosforasi, kalsiamu, magnesiamu, na chuma karibu hakuna, na chuma ndio adui mkubwa wa sake maana kinaibadili rangi na kuharibu harufu. Hayo madini ni chakula cha hamira. Kwa hiyo Nada ukitia hamira inashiba, inafanya kazi kwa nguvu, pombe inapanda haraka, na ikishapanda bakteria wabaya hawapati nafasi. Maji ya sehemu nyingi za Hiroshima ni laini. Mepesi, matamu kuyanywa, yanafaa hata kwa chai, ila hamira ndani yake inakuwa kama ina njaa, inasuasua, na wakati inasuasua bakteria wanaingia, pipa zima linachacha, mchele wa mwaka mzima umemwagwa. Watu walifilisika kwa hilo, kweli kabisa.

Kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Miura Senzaburo, alizaliwa 1847 huko Mitsu, kijiji cha pwani ambacho leo kinaitwa Akitsu na tangu 2005 kiko ndani ya manispaa hii hii yetu ya Higashihiroshima. Huyu alikuwa mfanyabiashara tu, akaingia kwenye sake akiwa mtu mzima kwenye miaka ya 1870, na sake yake ikawa inaharibika, anajaribu tena inaharibika, miaka inapita. Akaenda mwenyewe Nada kujifunza, akarudi akafanya vile vile kama alivyoona kule, ikaharibika tena. Mtu mwingine hapo angesema basi mimi sina bahati na hii biashara. Yeye akaanza kupima. Alileta kipima joto kwenye kazi ambayo watu walikuwa wanaifanya kwa kuingiza mkono na kuonja, akaandika kila kitu, joto la leo, joto la kesho, mchele umelowa muda gani, na polepole akagundua kwamba tatizo halikuwa mikono yake, ni kwamba alikuwa anatumia mbinu za maji magumu kwenye maji laini.

Akabadilisha mambo mawili makubwa. La kwanza ule ukungu wa koji, ambao nitaueleza sasa hivi, akauotesha kwa uangalifu zaidi mpaka uingie ndani kabisa ya punje ya mchele badala ya kuishia juu juu, ili sukari iwe inapatikana vizuri. La pili, badala ya kuikimbiza hamira akaiacha ifanye kazi taratibu kwenye baridi, kwa siku nyingi zaidi, huku usafi ukiwa mkali mno. Ikatoka sake ya aina nyingine, laini, ina harufu ya matunda, haikwaruzi koo. Mwaka 1898 akaandika kila alichojua kwenye kitabu akakitoa hadharani kwa watengenezaji wenzake, washindani wake hao hao! Mimi hapo ndo humvulia kofia huyu mzee, maana siri ile ingemtajirisha peke yake na familia yake, ila yeye akafundisha mafundi, na mafundi wa Mitsu wakawa wanaitwa kufanya kazi sehemu nyingi, Saijo ikiwemo. Alikuwa na kauli yake, majaribio mia, marekebisho elfu. Wale mnaoanza maabara Jumatatu muiandike ukutani.

Mwaka 1907 yakafanyika mashindano ya kwanza ya kitaifa ya sake. Watu walitegemea Nada watachukua kila kitu kama kawaida. Hiroshima ndo ikachukua nafasi za juu, ile ya kwanza kabisa ilitoka Takehara, mji wa pwani hapo karibu tu na Akitsu. Miura alifariki mwaka uliofuata, 1908, kwa hiyo aliwahi kuyaona matunda, na nikiwaza hilo nafurahi sana.

Ila niwe mkweli kwenu kitaalamu, maji ya Saijo yenyewe si laini kama yale ya Mitsu, yako katikati, na hii ndo bahati yake. Saijo ilipata vitu vinne kwa pamoja: mbinu na mafundi kutoka pwani, maji ya kati kutoka milimani, baridi ya bonde, na reli mlangoni. Ndo maana leo ukiuliza miji mikubwa ya sake Japani unatajiwa Nada, Fushimi ya Kyoto, na Saijo.

Kuna na kitu cha tano, mashine. Mwenye Kamotsuru wa wakati huo, Kimura Wahei, alikuwa anaumiza kichwa na ukoboaji wa mchele, maana mchele wa sake unakobolewa sana, mafuta na protini za juu ya punje zinaharibu ladha. Kulikuwa na fundi kijana mtaani hapo hapo anaitwa Satake Riichi, na mwaka 1896 akatengeneza mashine ya kukoboa inayoendeshwa kwa nguvu ya mtambo, ya kwanza Japani. Kwenye mwaka 1930 kampuni hiyo ikaleta mashine ya kusimama wima, na hapo ikawezekana kukoboa mchele mpaka ubaki nusu yake bila punje kuvunjika. Sake inayoitwa daiginjo, ya daraja la juu, kisheria mchele wake lazima ukobolewe mpaka ibaki asilimia 50 au chini ya hapo, sasa fikirieni, kilo mia unabaki na hamsini, nyingine yote ni pumba na unga wa kutengenezea maandazi ya mchele na chakula cha mifugo. Makao makuu ya Satake bado yako Saijo, ni jengo utaliona, na mashine zao za kukoboa zinauzwa dunia nzima, Afrika ikiwemo. Wale mliotoka kwenye familia za wakulima wa mpunga muulizane nyumbani, inawezekana jina mnalijua.

Haya, sake inatengenezwaje? Wenzetu wa Kilimanjaro mtanielewa haraka. Kwenye mbege ulezi unalowekwa unachipua unakuwa kimea, na kile kimea ndo kinavunja wanga kuwa sukari, ndipo uchachu unaanza. Mchele wa sake umekobolewa, hauwezi kuchipua tena, umekufa. Kwa hiyo Wajapani wanatumia ukungu. Mchele unaoshwa, unalowekwa kwa muda unaohesabiwa mpaka sekunde kwa zile sake nzuri, unapikwa kwa mvuke tu bila kugusa maji ya kuchemka, halafu sehemu yake inapelekwa kwenye chumba cha joto kilichozungushiwa mbao na kunyunyiziwa mbegu za koji, vumbi laini la kijani. Wanaukalia siku mbili hivi, usiku na mchana, wanaupindua, wanaufunika, wanaupunguza joto, wanaamka saa nane usiku kwenda kuutazama. Ukitoka hapo punje zimevaa weupe wa manyoya, ukizitafuna ni tamu.

Kisha wanaotesha hamira kwenye chombo kidogo kwanza, ikishakuwa na nguvu ndo wanaongeza mchele, koji na maji kwa awamu tatu ndani ya siku nne, na siku ya pili hawaongezi kitu, wanaiacha hamira ipumzike na kuzaana. Wanaongeza kidogo kidogo hivo ili hamira isizidiwe. Kinachotokea ndani ya tangi kwa wiki tatu, nne, wakati mwingine zaidi, kwangu mimi ni moja ya kemia nzuri zaidi duniani: koji inavunja wanga kuwa sukari na papo hapo hamira inaila ile sukari inatoa pombe, kazi mbili ndani ya chombo kimoja kwa wakati mmoja, hakuna anayemsubiri mwenzie. Ndo maana sake bila kukenekwa kabisa inafika karibu asilimia 20 ya pombe, halafu wanaiongezea maji ikae 15 au 16. Wanakamua, sake inatoka, machicha yanabaki. Na machicha hayatupwi, wanapikia supu, wanasindikia mboga na samaki.

Maji yako kila hatua, ya kuoshea, ya kuloweka, ya mvuke, ya kwenye tangi, ya kuzimulia mwishoni, na hata sake yenyewe kwenye chupa asilimia 80 ni maji. Mnaona sasa kwanini nasema huu mtaa umejengwa na maji.

Kazi hii kwa asili ni ya kipupwe. Fundi mkuu anaitwa toji, na zamani toji na vijana wake walikuwa wakulima au wavuvi, mavuno yakiisha wanaacha wake na watoto wanahamia kiwandani mpaka machipuko, wanalala humo, wanakula humo. Wana miiko yao. Kwa mfano hawali natto msimu mzima, yale maharage ya soya yenye utelezi mtakayoletewa asubuhi kwenye bweni, kwasababu bakteria wa natto ni mkali na akiingia kwenye chumba cha koji ameharibu kila kitu. Na nyinyi siku tunayoenda naomba asubuhi msile natto, hata kama hatutaingia kwenye vyumba hivo, ni heshima kwa kazi ya watu.

Mwiko mwingine ulikuwa wanawake kutoingia kabisa. Huo umevunjika, na mmoja wa waliouvunja yuko hapa hapa manispaa yetu, Miho Imada wa Akitsu, kijiji kile kile cha mzee Miura. Kiwanda cha familia yake kipo tangu 1868, yeye alikuwa Tokyo kwenye mambo ya sanaa za jukwaani, akarudi nyumbani akawa toji mwenyewe, na akafufua mchele wa zamani unaoitwa Hattanso uliokuwa umeshaachwa kulimwa. Mwaka 2020 BBC walimweka kwenye orodha yao ya wanawake 100 wa dunia. Dada zangu mnaosomea kilimo na sayansi ya chakula, mpango wangu ni siku nyingine tuwapeleke Akitsu pia, ni pwani, kuna chaza wazuri ajabu.

Vita vya Pili vya Dunia sitavisemea sana. Mchele ulibanwa, vijana walichukuliwa, na Agosti 6, 1945 mjini mnajua kilichotokea, wiki ijayo mtaenda makumbusho na hapo hakuna hotuba inayotosha. Saijo iko kilomita kama 30 kutoka pale, ndo maana majengo yake yalipona na tunayo leo. Baada ya vita mchele ulikuwa hautoshi hata kula, kwa hiyo nchi nzima ikaanza kuongeza spiriti na sukari kwenye sake ili moja iwe tatu, na tabia hiyo ikaendelea hata mchele uliporudi kwasababu ilikuwa na faida. Kamoizumi walikuwa kati ya wa mwanzo kabisa kusema hapana, tangu miaka ya 1960 wakaanza kurudi kwenye sake ya mchele, koji na maji basi, wakati ambao soko lilikuwa halijaiomba. Wana jengo lao la mbao la mtindo wa Kizungu la mwaka 1929, zamani lilikuwa la serikali ya mkoa la utafiti wa sake, sasa ni mgahawa. Ingieni hata kama ni kwa kahawa tu.

Kamotsuru nao walitoa mwaka 1958 daiginjo yenye vipande vidogo vya dhahabu vyenye umbo la ua la sakura, wakati daiginjo ilikuwa inatengenezwa kwa ajili ya mashindano tu na raia wa kawaida haipati. Aprili 2014 Waziri Mkuu Abe alipompeleka Obama kula sushi Ginza alimmiminia hiyo. Wenzetu wa Kenya najua mtataka picha na hiyo chupa, iko dukani kwao. Na Fukubijin, iliyoanza 1917, iliitwa shule kwasababu mafundi wengi sana walipita pale kujifunza kabla ya kwenda kufanya kazi kwingine.

Taasisi ya taifa ya utafiti wa pombe, iliyoanzishwa Tokyo 1904, ilihamia hapa Higashihiroshima mwaka 1995. Wanaosimamia mashindano ya kitaifa ya sake mpya kila mwaka ni hawa. Wale wa maikrobiolojia, hao ni majirani zenu, ulizeni walimu wenu namna ya kuwatembelea.

Msidhani lakini mambo ni mteremko. Sake ilinyweka sana Japani mpaka mwaka 1973, tangu hapo inashuka, leo haifiki hata theluthi ya ile ya wakati ule, vijana wanakunywa vitu vingine au hawanywi, mafundi wanazeeka. Desemba 2024 UNESCO waliuingiza ujuzi wa kutengeneza sake kwa koji kwenye urithi wa dunia usioshikika, na watu hapa walifurahi sana, nilikuwa nawaona, ila cheti hakinunui chupa. Kwa hiyo mkiwa na hela kidogo na mnakunywa, nunueni pale pale kiwandani, chupa ndogo tu inatosha.

Kitu ninachokiheshimu kuliko hata majengo ni mlima. Kaskazini ya mji kuna mlima Ryuo, mita 575, mtauona kutoka stesheni. Mvua inayonyesha pale inazama, inachujwa na mawe na mchanga wa matale, inakuja kutokea kwenye visima vya viwanda huku chini. Msitu wa misonobari ule ukawa umeachwa, hakuna tena anayekata kuni, miti ikabanana, maji yakawa hatarini. Tangu 2001 watengenezaji wa Saijo wameunda chombo chao cha kutunza mlima na maji, sehemu ya hela ya sake inaenda huko, na watu wa kawaida wanajitolea kupanda kufyeka na kupunguza miti. Wanafunzi wa chuo huenda pia. Mimi nimeenda, kazi ni ngumu, mgongo unauma, unakula chakula cha mchana na wazee wa miaka sabini wanaokuzidi nguvu, na nitapita na karatasi ya majina nikitafuta watu wa kwenda safari ijayo.

Visima vyenyewe vingine viko nje kabisa, kuna mfereji, wananchi wanakuja na madumu wanachota bure. Saijotsuru wana kisima kinachotumika tangu miaka ya 1830 au 1840 hivi, enzi za Tenpo. Asiyekunywa sake, hapo ndo pako. Kunywa hayo maji, shikilia mdomoni kidogo, nenda kisima kingine ukanywe tena, utaona tofauti. Na wanaokuja na madumu muwapishe kwanza, ni maji yao ya kupikia wali.

Sasa mambo ya tahadhari. Umri wa kunywa huku ni miaka 20, ile 18 waliyoshusha 2022 ni ya utu uzima, kwenye pombe haihusu, na wataomba kitambulisho. Baiskeli acheni nyumbani, tangu Novemba 2024 sheria imekazwa, ukishikwa unaendesha baiskeli umekunywa ni kesi, faini yake inatisha na visa yako iko hapo hapo. Waislamu na wengine msiotumia: kuna kinywaji kitamu cheupe kinaitwa amazake, kipo cha aina mbili, cha koji ambacho hakina kileo, na cha machicha ambacho kina kileo kidogo, ulizeni kabla. Kuna aiskrimu ya sake, ulizeni pia. Na kuna chungu maarufu cha hapa, bishu-nabe, walianza mafundi wa sake wenyewe, nyama na mboga zinapikwa kwa sake, chumvi na pilipili manga tu, ni kitamu mno, ila kina kuku na mara nyingi nguruwe pia, na mtu asikudanganye kwamba pombe yote imekwisha motoni.

Mkiwa mtaani kumbukeni watu wako kazini. Lori la mchele likija pisheni. Mlango ukiwa umefungwa, umefungwa, msichungulie. Ukionja mahali salimia, sema asante, uliza swali hata kwa Kijapani cha kuunga unga, wanapenda kuulizwa kuhusu maji yao kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu tamasha la Oktoba, najua mmeshaanza kuulizana kwenye grupu. Ni kweli ni kubwa, wikiendi moja mji unapokea zaidi ya watu laki mbili na kuna sake kama elfu moja kutoka kila pembe ya Japani, ni raha, nendeni mkitaka. Ila kama mnataka kuujua mtaa, mimi nawashauri rudini Januari au Februari, siku ya kazi, mapema asubuhi, mvue kofia masikio yasikie. Mchele unakuwa unapikwa, mvuke unatoka madirishani na harufu ya wali inajaa njia nzima mpaka stesheni, watoto wanapita kwenda shule, hakuna mtalii. Siku hiyo mtamuelewa mzee Miura vizuri kuliko nilivyomweleza mimi leo.

Jumamosi tukutane saa tatu kamili asubuhi mlango wa kusini wa stesheni, viatu vya kutembea, koti, chupa tupu ya maji kila mtu. Haya, kuna dada pale nyuma ameinua mkono muda mrefu, karibu uulize.